Bastola Marekani: Haki katika jimbo moja, jela katika jimbo jirani

DARAJA la Benjamin Franklin huvukwa kwa gari kwa dakika chache tu. Upande wa magharibi kuna jiji la Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Ng'ambo ya mto Delaware, upande wa mashariki, kuna mji wa Camden, jimbo la New Jersey.

Mkazi wa Philadelphia mwenye leseni ya kubeba bastola iliyofichwa chini ya koti hana hatia yoyote angali upande wake wa mto. Akishavuka, leseni hiyo haina uzito kuliko karatasi ya kufungia njugu, na bastola ile ile inaweza kumpeleka gerezani kwa kipindi cha kati ya miaka mitano na kumi.

Hayo si mambo ya kubuni. Mnamo Oktoba 2013, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia alisimamishwa na polisi jimboni New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Mwenyewe alimweleza afisa kwamba alikuwa na bastola na leseni ya Pennsylvania, akiamini kuwa kusema ukweli kungemwepushia balaa.

Badala yake alikamatwa, akafunguliwa mashtaka na kukabiliwa na kifungo cha lazima cha angalau miaka mitatu na nusu. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya upande wa mashtaka kulegeza kamba, na mnamo Aprili 2015 Gavana Chris Christie alimpa msamaha kamili.

Kisa hicho ndicho kiini cha mjadala ambao umeigawanya Marekani kwa miongo kadhaa. Haki inayotajwa katika katiba moja ya taifa inatekelezwa kwa sheria za majimbo 50 yasiyokubaliana. Anayenaswa mara nyingi si jambazi, ambaye hata hivyo hajawahi kuomba leseni, bali mtu wa kawaida aliyedhani kuwa kibali cha kwao kinatosha kila mahali.

Kwa msomaji wa Kenya, hali hii ni kama kitendawili. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni moja kutoka Mandera hadi Msambweni, na leseni hutolewa na bodi moja ya kitaifa. Hakuna kaunti iliyo na mamlaka ya kutunga sheria yake ya bunduki, na Katiba ya 2010 haiorodheshi umiliki wa silaha miongoni mwa haki za raia.

Nchini Marekani mambo ni kinyume. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1791, yanataja haki ya watu kuweka na kubeba silaha. Hata hivyo, mamlaka ya kulinda usalama wa kila siku yamo mikononi mwa majimbo, na kila jimbo limeitafsiri haki hiyo kwa kadiri ya historia, siasa na hofu za watu wake.

HISTORIA NDEFU YA MASHARTI

Ikumbukwe kuwa kuficha silaha mwilini hakukupendwa tangu zamani, hata katika majimbo ya kusini ambayo leo yanasifika kwa kupenda bunduki. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku tabia hiyo mapema kama 1813. Mawazo ya wakati huo yalikuwa kwamba mtu mwema hubeba silaha yake waziwazi, na anayeificha ana nia mbaya.

Karne moja baadaye, mnamo 1911, New York ilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Sullivan, mwanasiasa aliyeidhamini. Kuanzia hapo, aliyetaka kubeba bastola alilazimika kupata leseni, na baadaye ikabidi pia aonyeshe kuwa ana sababu maalumu inayomtofautisha na wananchi wengine.

Huo ndio mfumo uliokuja kuitwa wa hiari: afisa ana uhuru wa kutoa au kunyima. Kasoro yake ilikuwa wazi. Mwenye kutoa leseni akiwa na chuki, sheria huwa fimbo mkononi mwake.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Martin Luther King. Nyumba yake mjini Montgomery, Alabama, iliporushiwa bomu 1956, mhubiri huyo aliomba leseni ya kubeba bastola. Aliyekuwa akitishiwa maisha kila uchao alinyimwa kibali hicho.

Mkondo ulibadilika 1987, pale Florida ilipopitisha sheria ya mfumo wa lazima, ikisukumwa na Chama cha Kitaifa cha Bunduki, NRA. Chini ya mfumo huo, mwombaji akitimiza masharti yaliyoandikwa, kama vile umri, mafunzo na rekodi safi ya jinai, afisa hana budi kumpa leseni. Haulizwi anaitakia nini.

Texas ilifuata baada ya msiba. Mnamo Oktoba 16, 1991, mtu mmoja aliingiza gari lake ndani ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen na kuwaua watu 23 kwa risasi. Suzanna Hupp, aliyewapoteza wazazi wake wote wawili mle ndani, alieleza kuwa bastola yake ilikuwa ndani ya gari nje kwa sababu sheria ilimkataza kuibeba.

Ushahidi wake ulisikika kote nchini. Gavana Ann Richards alikuwa amepinga mswada uliotaka wananchi wapige kura kuhusu suala hilo 1993. Alishindwa uchaguzini mwaka uliofuata, na mrithi wake, George W. Bush, akatia sahihi sheria ya leseni 1995. Hupp mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo.

Jimbo la mwisho kukubali raia wa kawaida wabebe bastola zilizofichwa lilikuwa Illinois, mnamo 2013, tena baada ya kushurutishwa na mahakama ya rufaa. Hata hivyo, lilikubali shingo upande. Mkazi wa huko lazima awe kwanza na kadi ya jimbo ya kumiliki silaha, ahudhurie mafunzo ya saa 16 na kulipa ada ya dola 150.

Wakati majimbo hayo yakiweka masharti, mengine yalikuwa yakiyaondoa kabisa. Vermont haijawahi kudai leseni ya kubeba bastola. Alaska iliiga mfano huo 2003, ikafuatwa na Arizona 2010, kisha milango ikafunguka: Kansas na Maine 2015, Tennessee na Texas 2021, Georgia na Ohio 2022, Florida na Nebraska 2023.

South Carolina na Louisiana zilipojiunga na orodha hiyo 2024, idadi ya majimbo yasiyodai leseni ilifika 29. Mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: mnamo 1986 lilikuwapo jimbo moja tu la aina hiyo.

UAMUZI ULIOTIKISA NCHI

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikaa kando ya vita hivyo kwa muda mrefu. Ni 2008, katika kesi ya Heller, ambapo majaji watano dhidi ya wanne waliamua kuwa Marekebisho ya Pili yanamlinda mtu binafsi anayeweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami, na wakabatilisha marufuku ya jiji la Washington. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya McDonald dhidi ya Chicago, mahakama hiyo ilisema haki hiyo inayabana majimbo pia.

Lakini nyumbani si barabarani. Swali la kubeba silaha hadharani lilijibiwa Juni 23, 2022, katika kesi ya Bruen. Majaji sita dhidi ya watatu waliifuta kanuni ya New York iliyomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu.

Jaji Clarence Thomas, aliyeandika uamuzi huo, alieleza kuwa hakuna haki nyingine ya kikatiba ambayo raia hulazimika kwanza kumshawishi afisa wa serikali kuwa anaihitaji. Aliongeza kuwa kuanzia hapo sheria yoyote ya bunduki itasimama tu iwapo serikali itaonyesha kuwa inalingana na desturi ya kihistoria ya nchi hiyo katika kudhibiti silaha.

Uamuzi huo ulitolewa mwezi mmoja tu baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, na siku arobaini baada ya watu kumi kuuawa katika duka la jumla mjini Buffalo, New York. Kwa wengi waliokuwa wakiomboleza, ilikuwa sawa na kutia chumvi kwenye kidonda kibichi.

Hata hivyo, si wote walioupokea kwa njia moja. Miongoni mwa waliounga mkono kufutwa kwa kanuni ya New York walikuwamo mawakili wanaowatetea watu maskini mjini humo. Hoja yao ilikuwa kwamba walioshtakiwa kwa kubeba bastola bila leseni walikuwa aghalabu vijana Weusi na wa asili ya Amerika Kusini, huku leseni zikiwaendea wenye pesa na wenye jina.

Kinyume na walivyodhani wengi, kesi ya Bruen haikufuta leseni. Jaji Brett Kavanaugh, aliyekuwa upande wa walio wengi, alisisitiza kuwa majimbo bado yana ruhusa ya kuchukua alama za vidole, kuchunguza rekodi za jinai na kudai mafunzo. Kilichokatazwa ni afisa kuamua kwa utashi wake.

Kilichokufa, basi, ni mfumo wa hiari. New York, New Jersey, California, Maryland, Massachusetts na Hawaii zote zililazimika kubadilisha sheria zao. Ila zilichofanya baadaye ndicho kilichozaa hali ya leo.

UGOMVI WAHAMIA KWENYE MAHALI

Magavana wa majimbo hayo walipoona mlango wa kuamua nani abebe bastola umefungwa, walifungua dirisha la kuamua aibebe wapi. New York ilikuwa ya kwanza. Sheria mpya ilitiwa sahihi Julai 1, 2022, siku nane tu baada ya uamuzi, na ikaanza kutumika Septemba 1.

Mwombaji sasa anatakiwa ahudhurie darasa la saa 16 na mazoezi ya kulenga shabaha ya saa mbili, alete majina ya watu wanne wa kuthibitisha tabia yake na ahojiwe ana kwa ana. Sheria ilimtaka pia ataje akaunti zake za mitandao ya kijamii, sharti ambalo mahakama ya rufaa ilikataa litumike.

Juu ya hayo, orodha ndefu ya mahali palipopigwa marufuku ilichapishwa: magari ya moshi ya chini ya ardhi, kumbi za sinema, hospitali, baa, viwanja vya michezo na hata uwanja mashuhuri wa Times Square. Aliyepata leseni aweza kujikuta akiwa nayo mfukoni bila kuwa na njia halali ya kutoka nyumbani kwenda kazini na bastola yake.

California ilipitisha sheria inayofanana na hiyo 2023. Hawaii ilikwenda mbali zaidi kwa kugeuza desturi ya miaka mingi: mwenye leseni haruhusiwi kuingia na bastola dukani, hotelini au katika jengo lolote la watu binafsi ila mwenyewe awe amempa idhini waziwazi.

Linganisha hilo na Texas. Huko mwenye bastola huhesabiwa kuwa amekaribishwa hadi pale mwenye duka atakapomkataza. Mwenye duka anayetaka kumkataza mtu mwenye leseni kwa kubandika ilani lazima afuate maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja kwa urefu.

Kimya cha mwenye duka, kwa hivyo, kina maana mbili katika nchi moja. Texas kimya ni ndiyo; Hawaii kimya ni la. Mnamo Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi ya kupinga kanuni hiyo ya Hawaii, ishara kwamba majaji waliutambua mgogoro mpya uliozaliwa na uamuzi wao wenyewe.

Mahakama za chini nazo zimelazimika kupekua sheria za karne ya 18 na 19 zikitafuta desturi za kale zinazofanana na sheria za leo. Majaji walitofautiana mno kiasi kwamba Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ilibidi ifafanue. Majaji wanane dhidi ya mmoja walisema sheria ya leo haihitaji kuwa pacha wa sheria ya zamani. Yatosha zifanane kimsingi.

Kwa msingi huo, mahakama ilikubali kuwa mtu aliyewekewa amri ya korti kwa kutishia mpenzi au mwenzi wake wa ndoa anaweza kunyang'anywa silaha. Aliyepinga pekee alikuwa Jaji Thomas, mwandishi wa uamuzi wa 2022.

MITEGO YA SHERIA YA KITAIFA

Juu ya tofauti hizo za majimbo kuna sheria za serikali kuu, ambazo wengi huzisahau. Sheria ya 1968, pamoja na marekebisho yake, inawakataza watu wa makundi kadhaa kumiliki bunduki popote nchini: waliopatikana na hatia ya makosa makubwa, waliohukumiwa kwa dhuluma za nyumbani, watumiaji wa dawa haramu na wengineo.

Bangi ni mfano mzuri wa mtego huo. Majimbo mengi yamehalalisha matumizi yake, lakini serikali kuu haijayatambua matumizi ya starehe. Anayeivuta kwa ruhusa ya jimbo huvunja sheria ya kitaifa anapomiliki bastola ambayo jimbo hilo hilo limemruhusu kuwa nayo.

Sheria nyingine ni ya maeneo ya shule. Inakataza bunduki katika umbali wa futi 1,000 kutoka shule, lakini inamsamehe mtu aliyepewa leseni na jimbo lenyewe. Katika majimbo 29 yasiyodai leseni, anayepita karibu na shule na bastola bila leseni anaweza kuwa anavunja sheria ya kitaifa bila kujua, hata kama gavana wake ametangaza kuwa leseni si lazima.

Hii ni sababu mojawapo inayofanya majimbo hayo yaendelee kutoa leseni kwa wanaozitaka. Sababu ya pili ni safari: leseni ya Utah, kwa mfano, hutambuliwa na zaidi ya majimbo 30, na hutolewa hata kwa wasio wakazi wa huko. Hata hivyo, California, New York na New Jersey haziitambui.

Bunge la Congress lilijaribu kumlinda msafiri 1986. Sheria ya mwaka huo inamruhusu mtu kupita katika jimbo lolote iwapo anatoka na kuelekea mahali anapoweza kubeba bunduki kihalali, mradi silaha haina risasi na imefungiwa mbali na mkono wake.

Ulinzi huo nao una mipaka. Mnamo 2005 mkazi wa Utah alikwama Newark, New Jersey, baada ya kukosa ndege ya kuunganisha safari. Alichukua mizigo yake, iliyokuwa na bastola aliyoitangaza kwa kufuata taratibu, akalala hotelini. Asubuhi alipoitangaza tena uwanjani alitiwa mbaroni. Mashtaka yalitupwa baadaye, lakini 2010 mahakama ya rufaa iliikataa kesi yake ya kudai fidia, ikisema kuwa alipokuwa na mzigo ule hotelini bastola ilikuwa karibu na mkono wake.

WAHAMIAJI KATIKA HATARI MARADUFU

Kwa Wakenya wanaoishi Marekani, na ni wengi katika majimbo kama vile Texas, Minnesota, Maryland, Massachusetts na Georgia, suala hili lina uzito wa pekee. Sheria ya kitaifa inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi, kumiliki bunduki au hata risasi, ila kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji.

Ukarimu wa jimbo haubadilishi chochote hapo. Mwanafunzi mgeni anayeishi Dallas, ambako jirani zake hawahitaji leseni yoyote, anaweza kufungwa hadi miaka 15 kwa kupatikana na bastola ambayo rafiki yake Mmarekani aliibeba jana yake bila wasiwasi.

Waliopata Green Card, wakiwemo waliopitia bahati nasibu, wana haki ya kumiliki bunduki. Lakini nao hawajasalimika. Sheria ya uhamiaji inaruhusu mkazi wa kudumu afukuzwe nchini akipatikana na hatia ya kosa la bunduki, hata kama amekaa huko miaka mingi na ana watoto waliozaliwa huko.

Kosa ambalo kwa raia ni kifungo, kwa mhamiaji ni kifungo na tikiti ya ndege ya kurudi kwao. Massachusetts, kwa mfano, ina kifungo cha lazima cha miezi 18 kwa anayebeba bunduki bila leseni yake, ilhali New Hampshire, jimbo jirani, haidai leseni yoyote tangu 2017.

Kuna pia suala la kukutana na polisi. North Carolina na Michigan humtaka mwenye bastola iliyofichwa amjulishe afisa mara tu anaposimamishwa. Minnesota humtaka aseme akiulizwa. Asiyejua kanuni ya jimbo alilomo anaweza kukosea kwa kunyamaza.

Na wengine wameangamia kwa kusema. Mnamo Julai 6, 2016, Philando Castile, mwanamume Mweusi aliyekuwa na leseni halali, alisimamishwa akiendesha gari katika mji wa Falcon Heights, Minnesota. Alimwarifu polisi kwa utulivu kuwa alikuwa na bunduki. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi na kuuawa, mpenzi wake na mtoto mdogo wakishuhudia garini. Afisa huyo aliondolewa mashtaka na jopo la mahakama mwaka uliofuata.

Kifo hicho kilizua swali ambalo hakuna leseni inayoweza kulijibu: je, haki ya kubeba bastola ni ya kila mtu iwapo kuitaja tu mbele ya polisi kunaweza kumuua mtu kwa sababu ya rangi yake?

LESENI INA FAIDA GANI?

Watetezi wa bunduki wana hoja ya takwimu wanayoipenda. Rekodi za Texas kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa watu wenye leseni huhukumiwa kwa makosa ya jinai kwa nadra mno wakilinganishwa na umma kwa jumla. Wanasema, basi, raia mwema mwenye bastola si tishio kwa yeyote.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inaisifu leseni yenyewe. Watu hao walichujwa: alama zao za vidole zilichukuliwa, wakakaa darasani na kuthibitisha kuwa wanaweza kulenga. Jimbo linapoondoa mchujo huo haliwezi kuendelea kujivunia matunda yake, na hii ndiyo sababu wakuu wengi wa polisi wa Texas walipinga mabadiliko ya 2021.

Wasomi nao wamevutana. Mwanauchumi John Lott alidai katika kitabu chake cha 1998 kuwa kuongezeka kwa wabeba bastola hupunguza uhalifu. Jopo la Baraza la Kitaifa la Utafiti lilichunguza suala hilo na kusema 2004 kuwa ushahidi haukutosha kufikia uamuzi wowote.

Tangu hapo mizani imeelemea upande mwingine. Utafiti wa John Donohue wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliochapishwa 2019, ulikadiria kuwa miaka kumi baada ya jimbo kulegeza masharti, uhalifu wa mabavu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Shirika la RAND nalo limehitimisha kuwa upo ushahidi kuwa sheria za mfumo wa lazima huongeza mauaji.

Kwa jumla, Wamarekani 48,830 waliuawa kwa risasi 2021, na 46,728 mnamo 2023. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe, jambo ambalo leseni ya kubeba bastola barabarani haigusi sana. Hii ni kumbusho kwamba mjadala wa leseni, licha ya kelele zake, ni kipande kimoja tu cha msiba mkubwa zaidi.

VYAMA VYABADILISHANA MAJUKUMU

Suluhisho linalopendekezwa na wabunge wa Republican ni kulilazimisha kila jimbo litambue ruhusa ya jimbo jingine, kama ilivyo kwa leseni ya udereva. Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa aina hiyo Desemba 2017 kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini ukazimika katika Seneti.

Mbunge Richard Hudson wa North Carolina aliuleta tena Januari 2025, na Machi mwaka huo ukapita katika kamati ya sheria ya bunge hilo. Rais Donald Trump aliahidi akiwa kwenye kampeni kuwa angeutia sahihi. Kikwazo kikubwa ni kanuni ya Seneti inayodai kura 60 kati ya 100 ili mjadala wa mswada ufungwe.

Hapa ndipo siasa zinapozua kioja. Republican, chama ambacho kwa miaka mingi kimehubiri kuwa Washington isiingilie majimbo, sasa kinataka Washington iamrishe New York. Democrat, chama kinachopenda sheria za kitaifa, sasa kinatetea uhuru wa majimbo kwa nguvu zote.

Mfano wa leseni ya udereva una mvuto, ila una dosari. Majimbo yote hudai mtihani kabla ya kumruhusu mtu kuendesha gari, na tofauti baina ya mitihani hiyo ni ndogo. Kwa bastola, jimbo moja linadai mafunzo ya saa 18 na mahojiano, jingine halidai lolote, na mswada wa Hudson unawafaidi hata wanaotoka katika majimbo yasiyotoa sharti lolote.

Maana yake ni kwamba mkazi wa jiji la New York, baada ya kulipa zaidi ya dola 300 na kusubiri kwa miezi, angepanda gari moja na mgeni asiyewahi kuhudhuria hata saa moja ya mafunzo, wote wakiwa na haki sawa. Hapo sheria legevu kuliko zote ndiyo ingekuwa sheria ya taifa.

Upande wa pili nao hauna jibu la kuridhisha. Majimbo yanayoongeza marufuku juu ya marufuku hayajaeleza jinsi msafiri mwenye nia njema atakavyoepuka jela, wala kwa nini adhabu yake ilingane na ya jambazi. New Jersey ilihitaji msamaha wa gavana kurekebisha jambo ambalo sheria yenye busara ingelimaliza kwa faini na onyo.

Ipo njia ya katikati, nayo si ngeni katika sheria. Congress ingeweza kuweka kiwango cha chini cha mafunzo na uchunguzi kwa nchi nzima, na atakayekitimiza ndiye atambuliwe katika kila jimbo. Wapenda bunduki wangepata leseni moja ya kitaifa. Wanaoziogopa wangepata hakikisho kuwa aliyeibeba amechujwa.

Lakini hilo lingewahitaji wa kwanza wakubali kuwa leseni si tusi kwa Katiba, na wa pili wakubali kuwa mwenye bastola si mhalifu hadi athibitishwe vinginevyo. Hakuna upande ulioonyesha dalili ya kuchukua hatua hiyo. Hadi utakapoichukua, wakili wa uhamiaji ataendelea kumpa mteja wake Mkenya ushauri ule ule kabla ya safari yoyote ya kuvuka mpaka wa jimbo: bastola iache nyumbani.